Mpishi wa Akika za Watu

"Basi kampime na wako, wifi! Usichungulie jungu la mwenzio na la kwako umelifunika!"

Shangazi Tatu alisema hayo huku akimenya vitunguu, na machozi yalikuwa yakimchuruzika, wala hakuna aliyeweza kuapa kama ni ya vitunguu au ya hasira. Mbele yake Bi Kuruthumu aliacha kuchambua mchele, akaiinua sinia kama mtu anayetafuta kichwa cha kuishushia.

"Wangu kapimwa! Kapimwa Dar, kwa mashine, na dokta kasema mbegu zake nyingi na zinaogelea kama papa. Sasa unataka apimwe nini tena, apimwe urefu?"

"Na mke naye kapimwa, hana kasoro."

"Kasoro *haijaonekana*, wifi yangu. Hata mwizi huwa haonekani, na kuku huwa hayupo."

Katikati yao, juu ya kigoda, alikaa yule waliyekuwa wakimgombania, Mikdad, mtoto wa pekee wa Bi Kuruthumu na mtoto wa marehemu kaka yake Tatu. Miguuni pake palikuwa na majani ya mgomba, na juu ya majani mbuzi wa akika, wa kuchinjiwa mtoto mchanga, aliyekwisha chunwa. Mikdad alikuwa akimtenganisha viungo kwa ncha ya kisu, polepole. Alisema tu, "Mama, taratibu, majirani wanasikia," na aliyasema kwa sauti ndogo hivi kwamba hata mbuzi asingeyasikia.

"Wasikie! Leo si siku ya siri," alisema mama yake. "Mshenga wetu, Mzee Amiri, yuko barazani, kanzu imepigwa pasi. Akishaswali adhuhuri anapanda gari la Fukayosi, na akifika anatoa posa ya mke wa pili kwa Mzee Mgeni. Binti yake Shamsia ana miaka ishirini na mbili na sauti ya kuita anayo. Basi."

Posa, kwa watu wa Bagamoyo, si salamu kwamba utasema nimekosea nyumba. Ikishatamkwa mbele ya wazee wa watu, kuirudisha ni kuwavua nguo wao na kujivua wewe. Mikdad alilijua hilo. Alijua pia kwamba adhuhuri haikuwa mbali, maana kivuli cha ukuta wa ua kilikuwa kimeshanywea mpaka karibu na ndoo. Na alijua jambo moja zaidi, ambalo katika ua ule hakuna mwingine aliyelijua. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu jana kama mwiba wa samaki changu.

Huyu Mikdad alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Bagamoyo mpaka Kerege, mtu akioza, akizika, akihitimisha au akipata mtoto, huitwa Mikdad na masufuria yake. Baba yake alikuwa mpishi kabla yake, na pilau la baba yake, wanasema, liliwahi kumwamsha mgonjwa aliyekwisha somewa Yasini; akakaa kitako, akauliza kama ukoko upo. Mikdad alirithi mkono ule. Angeweza kunusa mvuke akiwa mtaa wa pili akasema, "Mchele huo unataka moto wa juu." Mwili mkubwa, sauti ndogo, na aibu ya msichana wa ndani.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa akika. Mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Hutenganishwa kwenye maungio, kiungo kwa kiungo, na mifupa ikishaliwa nyama hukusanywa mizima ikazikwa, ili mtoto naye akue mzima, asivunjike. Wapishi wengine hutumia shoka kisirisiri na kusema mfupa ulikuwa mbovu. Mikdad hajawahi. Kisu chake kilijua njia ya maungio kama mtu anavyojua njia ya kwao gizani. Ndiyo maana kila mtoto aliyezaliwa mjini, aliyemchinjia na kumtenganishia alikuwa ni yeye. Na kila akika ilipokwisha, wakati wa kunawa mikono, hakukosekana mzee mmoja mwenye kicheko cha mafuta wa kumwuliza, "Na ya kwako lini, fundi?"

Naye hujibu, "Inshallah." Amelijibu neno hilo mpaka limepauka.

Mkewe, Mardhiya, alimwoa kwa kumpenda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye ulimi wa kumchokoza mumewe mpaka masufuria yacheke. Mwaka wa kwanza watu walitazama tumbo lake kwa furaha. Mwaka wa pili walilitazama kwa subira. Kufika wa tano walikuwa hawalitazami tena, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hapo ndipo waliposhikana mkono wakaenda Dar, kwa daktari wa kike aitwaye Fatu, mwenye miwani na kauli tamu.

Vipimo vya Mardhiya vikatoka vizuri: mayai yanashuka, mirija iko wazi, homoni ziko mahali pake. Vya Mikdad navyo vikatoka vizuri: mbegu nyingi, zenye umbo lake, zinaogelea. Dokta Fatu akakuna kidevu. Akamwambia Mikdad aje tena peke yake, siku atakayofuata viungo Kariakoo, aache mbegu nyingine kwa kipimo ambacho si cha kila siku.

Siku hiyo ndiyo alipomweleza. Mikdad alikuwa akitazama sakafu kwa haya, lakini masikio yake yote yalikuwa wazi.

"Kaka Mikdad, mbegu ikitoka kwa mwanamume bado haijaiva. Hata ukiiweka juu ya yai, itakaa hapo tu. Lazima kwanza ikae saa kadhaa katika mwili wa mwanamke. Humo hutolewa mafuta iliyojipaka safarini, ngozi yake ikalainika. Ndipo inakuwa tayari kuitwa."

"Kama mchele wa kuroweka," Mikdad alisema bila kujua kama amesema.

"Enhe! Kama mchele. Sasa, yai limezungukwa na chembechembe zinazotoa homoni. Homoni hiyo ikiigusa mbegu iliyo tayari, vinafunguka vijilango vidogo mkiani, madini ya chokaa yanaingia, na mkia unabadilika. Ulikuwa unapiga makasia taratibu, sasa unachapa kama mjeledi. Na kichwani kuna kofia. Kofia ile inafunguka, inamwaga maji yanayolainisha ganda la yai, mbegu ikapata pa kupenya."

Hilo nalo Mikdad alilielewa kwa mikono yake. Nyama ngumu ya fahali mzee huipaka maji ya papai bichi, ikalala, ikalegea yenyewe. Kumbe Mwenyezi Mungu alimtilia kila mbegu papai lake kichwani.

"Na wanyama je, dokta?"

"Wote wanaonyonyesha, kila mmoja kwa utaratibu wake. Mbuzi, panya, ng'ombe, na wewe." Kisha Dokta Fatu akavua miwani. "Lakini wapo wanaume wachache ambao mbegu zao ni nzuri kwa macho, zinaogelea vizuri, ila ule wito wa homoni hauzigusi. Vile vijilango havifunguki. Zinafika mpaka mlangoni, zikazunguka, zikachoka, zikafa. Ndicho ninachotaka kukipima."

Mikdad alirudi Bagamoyo na gunia la bizari na moyo mzito. Mama yake alimngoja mlangoni. "Kasemaje?"

Naye akaeleza. Akaeleza kuroweka, akaeleza homoni ya mwanamke, akaeleza namna mbegu inavyoitwa. Alipofika hapo, kabla hajafika kwa wale wanaume wachache, Bi Kuruthumu alipiga makofi.

"Nilijua! Nilijua mimi! Mbegu huitwa na mwanamke! Na Mardhiya haiti! Sasa mtu hakuitwa, aende vipi? Awe mdoezi?"

Mikdad alifungua mdomo aseme kwamba habari haijaisha. Akaufunga. Haikuwa hila. Ilikuwa ni kama mtu aliyebeba jungu la moto, mwenzake akamwambia lete nikupokee. Mikono huachia kabla akili haijauliza mwenzake ana kitambaa au hana. Alijiambia kipimo bado, huenda kikatoka kizuri, ya nini kuwatia watu hofu? Alijiambia hayo usiku na mchana.

Bi Kuruthumu hakulala. Kama wito ni dhaifu, wito utiwe nguvu. Akamwendea fundi mmoja wa makombe, akaandikiwa aya sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, Mardhiya akanywa. Akachanganya udi, ubani, na majani ambayo hakumwambia mtu, akayatia katika chetezo chenye makaa, na Mardhiya akawa anafunikwa shuka juu yake kila alasiri, moshi upande uende ukamfungue sauti ya tumboni. Mardhiya alifanya yote. Alikohoa, akacheka, akasema, "Mama, nikitoka humu mtanila kwa ndimu, nishakuwa samaki ng'onda." Lakini juzi chetezo kilipinduka. Makaa yakamshika pajani, na usiku ule alilala kwa ubavu mmoja, na Mikdad alimpaka asali kwenye malengelenge, na yeye Mardhiya ndiye aliyemwambia mumewe, "Pole. Nitajitahidi zaidi."

Pole! Yeye ndiye aliyempa pole.

Na jana sasa, Mikdad yuko Kerege, moto wa harusi unawaka, simu ikalia. Dokta Fatu. Akamwuliza kama amekaa. Akamwambia kwa upole kwamba kipimo kimerudiwa, si mara moja. Homoni waliitia, wakaitia tena, na mbegu zake ziliendelea kuogelea vile vile taratibu, kama hazikuambiwa neno. Mikia haikubadilika. "Ndivyo ulivyozaliwa, kaka Mikdad. Si kosa la mtu, wala si kosa la kitu ulichokula. Na njia ipo. Mbegu huweza kuingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele, ikapita bila kungoja kuitwa. Si rahisi, wala siwezi kukuahidi. Lakini ipo. Njooni wote wawili."

Mikdad alisema ahsante, akarudi kwenye sufuria, akatia chumvi. Kisha akatia chumvi tena. Watu wa harusi ile wanasimulia kwamba walikunywa maji mpaka mapipa yakakauka, na bwana harusi alitoa hotuba yake akiwa na kata mkononi.

Basi hivyo ndivyo alivyokaa leo juu ya kigoda, akitenganisha mbuzi wa mtoto wa Abdulswamad seremala, mtaa wa nyuma. Mardhiya alikuwa ameenda mashineni kusaga viungo. Nje, Mzee Amiri alikohoa kikohozi cha mtu mwenye safari.

"Wifi, ngoja basi hata wiki," Shangazi Tatu alisema. "Yule mtoto ana kidonda pajani cha mikono yako. Kwanza kipone."

"Kidonda ni cha makaa, si cha mikono yangu. Na mimi simfukuzi Mardhiya! Nani kasema namfukuza? Atakaa, atakula, ataheshimiwa. Mwenzake akizaa watalea wote. Mimi namtafutia mwanangu wa kumzika, hilo nalo ni kosa? Mikdad! Sema. Una neno?"

"Mama..."

"Sema una neno au huna."

"Nina..."

"Ana neno la nini, na wewe unamtolea macho kama polisi!" Shangazi Tatu aliruka. "Mikdad, mwanangu, sema unamtaka huyo Shamsia au humtaki?"

Mikdad alikuwa amefika kwenye nyonga. Mahali pale ni pagumu kidogo. Kiungo kimejificha nyuma ya kano, na kisu hutakiwa kisikilize kabla ya kuingia. Mkono wake haukusikiliza. Nje Mzee Amiri alikohoa tena, mama yake akasema, "Jibu!" na kisu kikashuka.

*Ka.*

Sauti ndogo tu, kama kuni kavu. Lakini wote watatu waliisikia, na wote watatu walitazama. Mfupa wa paja la mbuzi wa akika ulikuwa umevunjika, weupe wake uko nje.

Kisha Bi Kuruthumu akajishika kichwa.

"La ilaha illallah. Mfupa wa akika! Mtoto wa watu! Tangu uanze kazi hii, tangu baba yako... Unaona? Unaona, Tatu? Mkono umefungwa! Ni yule, yule mwanamke, nuksi yake imeshamfika mpaka mkononi! Amiri! Mzee Amiri, inuka, usingoje hata hiyo adhuhuri, kaswali njiani..."

"Asiinuke," alisema Mikdad.

Hakupaza sauti. Lakini ilikuwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake. Mikdad aliweka kisu juu ya jani.

"Mardhiya anaita, Mama. Anaita sana. Siku zote alikuwa anaita." Akautazama mfupa uliovunjika. "Mbegu zangu ndizo hazisikii."

"Dokta alisema zinaogelea!"

"Zinaogelea. Zinafika. Zikifika pale, zile homoni zinazigusa, na zenyewe hazifanyi kitu. Zimezaliwa hivyo. Kipimo kile cha mwisho kilikuwa changu, si chake. Majibu nimepewa jana."

Shangazi Tatu, ambaye nusu saa nzima alikuwa akililia neno hilo, sasa alilipata na hakujua aliweke wapi. Alikitazama kitunguu chake. "Mwanangu," alisema polepole, "mimi nilikuwa nachokozana tu na wifi yangu. Sikuwa na maana..."

"Najua, Shangazi."

Bi Kuruthumu aliketi. Alionekana mdogo ghafla, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. "Wewe," alisema. "Wewe uliyenyonya miaka miwili na nusu. Uliyetembea kabla ya watoto wote wa mtaa huu. Nilikukosesha nini mimi?"

"Hukunikosesha kitu. Dokta kasema si kosa la mtu. Na kasema njia ipo, kuna sindano..."

"Na ukimleta Shamsia," Shangazi Tatu alidakia, akimgeukia wifi yake bila ukali tena, "naye mtamkalisha juu ya makaa?"

Macho ya Bi Kuruthumu yalikuwa yakienda huku na huku, kama ya mtu aliyeangusha sindano. Nje, gari la abiria lilipiga honi mbali. Kisha akasogea karibu na mwanawe, akamshika kifundo cha mkono chenye damu ya mbuzi, na akashusha sauti.

"Mardhiya anajua?"

"Hajui."

"Umemwambia mtu?"

"Nani nimwambie, Mama?"

"Basi sikiliza." Alimkaza mkono. "Asijue."

"Mama!"

"Nyamaza nikwambie. Posa naiacha. Amiri naye nitamwambia avue kanzu yake, nitatafuta la kumwambia. Mafusho yamekwisha, nimeyaacha leo, wallahi. Lakini yeye asijue. Miaka yote hii ameshazoea. Watu wamesema wamechoka, yamepita. Lakini wewe, ukitamka neno hilo mbele yake, kesho anakwenda kwa kadhi, na kadhi atampa haki yake, na mji mzima utajua ni kwa nini. Atakuacha, Mikdad. Mzuri yule, bado kijana, ataolewa kabla ya eda haijapoa, na mwaka ujao utaitwa kumpikia akika yake. Utaweza? Hebu niambie kama utaweza."

Jambo hilo hasa ndilo lililomfanya Mikdad atie chumvi mara mbili. Alikuwa ameliona lote, tangu jana, mpaka na rangi ya kanga atakayovaa Mardhiya siku hiyo akiwa amempakata mtoto wa mwingine, na mzee mmoja mwenye kicheko cha mafuta akimwuliza swali lake. Alikuwa ameona pia lile paja, na malengelenge, na mwanamke akimwambia pole. Viwili hivyo vilikuwa vikipigana ndani yake, na hakujua ni kipi kingelala juu.

"Wifi," alisema Shangazi Tatu, "hilo unaloliomba ni zito."

"Zito kwa nani? Yeye ameshalibeba!"

"Ndiyo sababu."

"Tatu, nyumba ya kaka yako hii! Siri ya nyumba hii ikitoka, unafikiri watakaochekwa ni..."

Pazia la mlango wa ua likafunuliwa. Mardhiya aliingia akichechemea kidogo, kopo la viungo ubavuni, vumbi la bizari limempaka nyusi rangi ya manjano. Alipiga chafya, akacheka mwenyewe, akafuta pua kwa ncha ya mtandio.

"Leo mashineni wamesaga pilipili mbele yangu, nimelia kama mfiwa. Mzee Amiri nimemkuta barazani, nimempa shikamoo, ananitazama kama kaniibia. Kavaa kanzu mpya. Anakwenda wapi?"

Shangazi Tatu aliokota kitunguu alichokwisha kukimenya akaanza kukimenya upya. Bi Kuruthumu aliuachia mkono wa mwanawe, lakini hakuacha kumtazama usoni.

Kicheko cha Mardhiya kikapungua. Alimtazama shangazi, akamtazama mkwewe, kisha akauona ule mfupa juu ya jani la mgomba, na akaacha kabisa kucheka.

"Mikdad? Kuna nini?"

Mikdad alifuta mikono kwenye shuka lake, upande mmoja, kisha upande wa pili. Akainuka, akamwachia kigoda chake.

"Mzee Amiri haendi popote," alisema. "Njoo ukae hapa. Dokta alinipigia jana."